Kitambaa cha Milango Kumi na Mitatu

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nasema hivi mapema, asije mtu akangoja nimsimulie safari. Tangu nimalize kidato cha nne nimekaa kwa mama yangu, kwenye mteremko mmoja chini ya Runyenjes, na safari yangu ndefu ni ya kwenda sokoni na kurudi kabla chai ya saa nne haijapoa. Wenzangu wa darasa walienda Nairobi, wengine Makutano ya Meru kuuza mitumba, mmoja alifika mpaka Uarabuni. Mimi nilichukua kigoda nikakiweka mlangoni. Mama aliwaambia wageni, "Huyu wangu hakukosa mume. Aliolewa na mlango."

Sasa mtu akikaa mlangoni miaka ishirini huona mambo mengi, na akiwa hana kazi nyingine ya kumshughulisha, huweka kinyongo vizuri sana. Changu nilikitunza kama watu wanavyotunza ng'ombe wa gredi. Nilikilisha asubuhi na jioni, na sikukiruhusu kitoke kikachafuka.

Aliyekipanda ni jirani yetu, mwalimu mkuu mstaafu na mzee wa kanisa. Kila mtu alimwita Mwalimu, hata mke wake. Nyumba yake iko ng'ambo ya bonde, lakini shamba lake linavuka kijito na kupanda mpaka kwenye ua wetu. Alinifundisha darasa la saba. Siku moja alinisimamisha mbele ya ramani ya Kenya nionyeshe Embu, nami kwa woga nikaweka kidole katikati ya Ziwa Turkana. "Huyu ataishi kwa samaki," akasema, na darasa likacheka mpaka kengele. Hilo nilimsamehe, au karibu nimsamehe.

Ambalo sikumsamehe ni la chemchemi.

Katikati ya bonde palikuwa na chemchemi yenye matete na nduma pembeni, na mti mmoja mkubwa wa muringa. Nyumba kumi na tatu zilichota hapo. Hati za mashamba zilipotolewa, chemchemi iliangukia upande wa Mwalimu, lakini njia ya kuifikia ilikuwa ya wote na hakuna aliyefikiria vingine. Kisha ikaja ile miaka ambayo watu waliambiana kwamba nguzo za stima zinatakiwa kila mahali. Mwalimu akang'oa nduma, akakata muringa, akapanda mikaratusi mpaka ukingoni mwa maji. Mikaratusi haina aibu. Ilikunywa na kurefuka, ikarefuka na kunywa, na chemchemi iliyokuwa ikijaza mtungi kabla hujamaliza kusalimiana na mwenzako ikawa inatoa maji kama mtu anayejizuia kulia. Wamama wakaanza kusukumana hapo tangu alfajiri, na Mwalimu akaona wanakanyaga miche yake. Akafunga njia kwa seng'enge.

Tukabaki na mto wa chini, ambao mteremko wake ni wa udongo mwekundu. Mvua ikinyesha, huteremki bali unateremshwa. Asubuhi moja mama yangu, amepita miaka sabini, alikuwa akipanda na mtungi mgongoni, mkanda umekaza kwenye paji la uso, mguu ukateleza. Nyonga ikavunjika. Nilimpeleka hospitali kwa bodaboda, yeye katikati, dereva mbele, mimi nyuma nikimshikilia kama gunia la thamani. Alirudi na fimbo ambayo hajaiacha mpaka leo.

Nikaenda kwa Mwalimu. Fikiria ukubwa wa jambo lenyewe: mimi, kutoka nje kwa hiari yangu. Alikuwa barazani na gazeti.

"Mwalimu, mama ameanguka."

"Nimesikia. Poleni sana. Tunamwombea."

"Tufungulie njia basi. Ile ya mtoni itatumalizia wazee."

Akalikunja gazeti taratibu, kama anayelilaza mtoto. "Mwambie akae nyumbani kama wewe. Wewe hujawahi kuanguka, ama?"

Mke wake alikuwa amesimama mlangoni na birika. Akatazama sakafu. Nami nikaaga kwa heshima, maana nililelewa vizuri, nikarudi kwangu nikaanza kumtakia huyo mzee mabaya kwa mpango maalumu.

Nilifikiria moto. Nilifikiria panga. Nilikumbuka somo la kilimo, kwamba mti ukiuchuna ganda kuuzunguka hufa umesimama, na jinsi ya kuchuna nilijua. Kilichomwokoa ni uvivu wangu. Kulipiza kisasi kwa kawaida kunataka mtu atoke nje.

Lakini tulikuwa na kikundi cha wamama cha vitambaa, mama mmoja toka kila nyumba kati ya zile kumi na tatu. Tulikutana Alhamisi moja baada ya nyingine, kwa zamu, tukishona vile vya kutandika juu ya makochi, vyenye maua na ndege ambao hakuna aliyewahi kuwaona. Mke wa Mwalimu alikuwa mmoja wetu, na mkono wake ndio uliokuwa bora kuliko yote. Mwenyekiti alikuwa muuza ndizi wa Runyenjes, mwanamke mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara.

Alhamisi moja wawili waligombana kuhusu muringa. Mmoja alisema ulikuwa kando ya jiwe, mwingine akaapa ulikuwa kwenye kona ya njia. Ulikuwa umekatwa miaka mitatu tu iliyopita, na tayari hakuna aliyekuwa na uhakika. Walifikia kunyoosheana sindano.

"Nyamazeni!" mwenyekiti akafoka. "Mkienda hivi, miaka mitano ijayo mtakataa hata kwamba chemchemi ilikuwepo. Acheni kushona hawa ndege wa uongo. Kila mtu ashone anachokiona akisimama mlangoni kwake, tuunganishe, tuone ni nani mwongo."

Kila mtu akacheka, kisha hakuna aliyecheka. Wakanigeukia mimi. "Wewe una kidato cha nne na huna pa kwenda. Andika sheria."

Niliandika kwenye daftari la mistari usiku haujaingia, na mpaka leo sijawahi kuandika kitu kwa moyo mweusi kama ule. Kila mmoja angeshona kipande cha kitambaa cheupe cha marekani kisichozidi urefu wa mkono toka kiwiko. Angesimama kwenye mlango wake na kushona anachokiona, wala si anachokumbuka au anachotamani. Tungeshona mara mbili kwa mwaka, baada ya mvua ndefu na baada ya mvua fupi. Kipande kipya kisingeondoa cha zamani, kingeungwa chini yake, ili kila nyumba iwe na safu yake inayoteremka, na safu zote kumi na tatu zipangwe sambamba kama nyumba zinavyolizunguka bonde. Na mtu asifumue mshono wa mwenzake, hata akiona ameonewa.

Kisha tukagawana rangi. Maji ni buluu, mahindi manjano, kahawa nyekundu, udongo ulio wazi ni kahawia, miti ni kijani.

"Mikaratusi nayo?" mtu akauliza.

"Nyeusi," nikasema.

"Nyeusi? Mti?"

"Kijani hakitatosha."

Hakuna aliyeniamini. Kisha mke wa Mwalimu akanyoosha mkono bila kuinua macho. "Nipatieni vibunda viwili vya nyeusi. Kwangu ni mingi."

Msimu wa kwanza, nyeusi ilionekana kama siafu wanaovuka njia. Msimu wa pili siafu wakawa mkanda. Tuliona na mengine. Kuna nyumba kahawa yake ilikonda safu kwa safu mpaka ikatoweka na muguka, ile miraa fupi ya kwetu, ukachukua nafasi. Kuna kilima ambacho kahawia ilianza kama kikovu na ikaishia kula nusu ya kipande. Tulishona nyaya za stima zikipita juu ya vichwa vyetu kwenda kwa wengine, huku maji ya mabonde kama letu yakiteremka mpaka bwawa la Kiambere kuziwasha taa za watu tusiowajua. Wamama ambao hawajawahi kuona chochote kimebadilika walisimama mbele ya kitambaa na kuanza kusema, "Hapa, hapa ndipo tulipoanza kununua kuni." Watu walikuwa wanahitilafiana kidogo sana siku hizo. Kulikuwa na pa kuweka kidole.

Mimi lakini, sitaki kudanganya, nilikuwa natazama safu moja. Ile ya mke wa Mwalimu. Buluu, ambayo juu kabisa ilikuwa bado nene kama kidole cha mwisho, ilishuka ikawa uzi, ikawa mishono mitatu, na msimu wa saba haikuwepo. Nyeusi ilikuwa imejaa mpaka pindo. Alishona kila jani. Nilikuwa nikiangalia kazi ya mikono yake nikimwonea huruma, nikidhani hajui ninamtumia.

Kitambaa kilipofika kimo cha kujaza ukuta, aliyekuwa na zamu ya kutukaribisha alikitundika sebuleni kwake mpaka zamu nyingine. Mwalimu alikiona mara moja kwa mwenyekiti, alipokwenda kuomba mchango wa kanisa. "Wamama na maua yenu," akasema, akatabasamu. Alikitazama kama anavyotazama vitambaa vya wanawake maishani mwake mwote, yaani hakukitazama.

Mwaka huo binti yake akapata mchumba, kijana wa Meru, wa upande wa juu wa Makutano. Wazee wa kule wakatuma habari kwamba wanakuja. Alhamisi iliyofuata mke wa Mwalimu akaongea kikundini, sauti chini.

"Mwalimu anataka kile kitambaa kikubwa siku ya wageni. Anasema kitu kilicho kwa muuza ndizi hakiwezi kukosa kwake."

"Muuza ndizi amesikia," mwenyekiti akasema. "Lakini si zamu yako, mama."

Macho yote yakaja kwangu, sijui kwa nini. Au najua.

"Apewe," nikasema. "Wageni ni wa wote."

Ningekibeba mimi mwenyewe kwa magoti. Ningeweza kumvuta pembeni nimwonye: dada, wale ni wakulima, watakisoma. Sikumwonya. Nilijiambia ameshona mwenyewe, anajua kilichomo. Ukweli ni kwamba nilitaka aibu iingie ndani ya nyumba ile, na kama ingemgusa na yeye, nilikuwa tayari kumwambia pole baadaye.

Siku yenyewe nilikwenda kusaidia kupika. Mama alinitazama nikijifunga leso. "Leo umeachana na mlango?"

"Naenda kumenya viazi."

"Menya. Lakini urudi na kila neno. Ukisahau hata moja usiniite mama."

Wageni walifika karibu saa saba, wakasimama langoni wakaimbiwa na kujibu, wakaingia. Waliweka mezani bunda la miraa lililofungwa vizuri kwa majani ya mgomba, kama inavyotakiwa kwao, na Mwalimu, ambaye miaka yote amehubiri dhidi ya kutafuna, akalipokea kwa mikono miwili. Hiyo peke yake ingenitosha kwa mwezi mzima. Msemaji wao alikuwa mzee mwembamba, baba wa kijana, viganja vyake vya mtu wa jembe. Walimkalisha pa heshima, kochi la katikati, na ukuta uliomkabili ulikuwa umefunikwa kuanzia dari na kitambaa chetu.

Nilikuwa nimeingia na sinia la mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi. Mzee alikuwa amesahau chai yake.

"Hiki ni cha wapi?"

"Cha hapa hapa," Mwalimu akasema, kifua mbele. "Wamama wetu. Ni maendeleo ya wanawake hayo."

"Naona mahindi. Naona kahawa. Hii buluu nayo ni nini?"

Mwalimu akageuka kukiangalia, nafikiri kwa mara ya kwanza. "Hiyo ni... ni maua."

"Maua?"

Mke wake akaweka chupa ya chai chini. "Si maua, Baba. Ni chemchemi yetu. Kinasomwa kutoka juu kwenda chini, kila mstari ni msimu mmoja. Hii ni safu ya nyumba hii, nimeishona mimi. Hapa juu maji yalikuwa bado yanaonekana. Nyeusi ni mikaratusi ya Mwalimu. Hapa ilifika majini. Hapa ikayapita."

Alisoma kwa sauti ileile anayosomea neno kanisani, bila kupanda wala kushuka. Aliwaonyesha mpaka safu yetu, na kahawia ya mteremko wa mto, akasema hapo ndipo jirani mmoja alipovunjika nyonga. Mzee alifuata kidole.

"Na huku chini kabisa buluu imekwenda wapi?"

"Ndiyo tunayoitafuta, Baba."

"Chai hii basi, maji yake ni ya wapi?"

"Ya mtoni. Nilichota alfajiri. Safari nne."

Mzee akaweka kikombe mezani. Hakukiweka kwa hasira, alikiweka kama mtu aliyepewa kitu kizito kuliko alivyodhani. Mikono yangu ilikuwa inaungua kwa sinia na sikusogea hata hatua.

"Sisi kwetu tulipanda miti hii," akasema mwishowe, "mpaka kijito kikawa njia ya mbuzi. Sikuja hapa kugombana na mtu, nimekuja kuomba msichana. Lakini wajukuu watakuja kumsalimia nyanya yao na watataka maji. Mkwe wangu, naomba miti hiyo itoke majini kabla ya harusi, na njia ifunguliwe. Ni ombi tu. Na kila mwaka nitakuja kuangalia hiki kitambaa, nione kama buluu inarudi."

Mgeni wa mbali labda haelewi. Kwetu mkwe hakataliwi. Tumeona watu wakivua koti mwilini kwa sababu tu mkwe alilisifu. Mwalimu alitazama bunda la miraa, akatazama ukuta, akatazama mke wake ambaye alikuwa tayari anaongeza chai.

"Itatoka," akasema. Sauti ya mtu aliyeitwa ubaoni bila kusoma.

Ungedhani nilifurahi. Nilikasirika! Miaka mitatu na nusu nimelisha kisasi changu, nimekichagulia rangi, nimekiandikia sheria, halafu mtu anakuja na chupa ya chai anakimaliza kwa dakika tano. Nilimfuata jikoni.

"Kumbe ulijua."

Alikuwa anasuuza vikombe. "Wewe ulidhani safari nne za mtoni nazifanya kwa sababu napenda kutembea?"

"Na miaka yote ulinyamaza."

"Sikunyamaza. Nilikuwa nashona." Akanikabidhi kitambaa cha kufutia. "Futa hivi. Mbona una uso wa mtu aliyeibiwa kuku?"

Nilifuta. Nyumbani, mama alinirudisha kwenye kikombe mara tatu. "Alikiweka namna gani? Na Mwalimu akasema maua? Sema tena. Maua!" Alicheka mpaka nyonga ikamuuma, akashika fimbo, akaendelea kucheka.

Msumeno wa mashine uliingia bondeni baada ya wiki mbili. Seng'enge ikakunjwa. Visiki vinachipua, mikaratusi ni hivyo, lakini mke wa Mwalimu huvipitia kwa panga kila Jumamosi, na mume wake humtazama toka barazani. Maji yamerudi kidogo. Hayajawa ya zamani, ila mtungi unajaa. Mama hajayafikia. Nyonga yake haikubali mteremko tena, na watu wa kanisa wanaponiambia yamekwisha, nisamehe, huwaonyesha ile fimbo na kuwauliza waiambie hiyo.

Mwalimu naye alitafuta wa kumlipa. Kumgusa mke wake hawezi, wakwe wanakuja kila mwaka. Sauti ya mwenyekiti anaiogopa. Aliyebaki ni aliyechagua nyeusi. Basi akasimamisha ukuta wa mabati juu ya mpaka wetu, hatua kumi toka mlangoni kwangu, mrefu kupita kichwa cha mtu, akasema ni wa kuzuia kuku. Hana kuku. Siku moja niliamka nikaweka kigoda changu, na bonde halikuwepo.

Nilikwenda kikundini na kipande changu cha msimu. Mwenyekiti akakigeuza, akakigeuza tena.

"Hii ni nini?"

"Ninachokiona mlangoni kwangu."

"Kijivu tupu?"

"Na misumari. Angalia vizuri, yote nimeishona."

Mke wa Mwalimu alikichukua akakiweka karibu na macho. Mabega yakaanza kumtikisika. "Umekosa mmoja," akasema, "ule uliopinda," akachomoa sindano yake akanipa niuweke mwenyewe, maana sheria ni sheria. Kipande kikaungwa mahali pake, katikati ya bonde lenye mahindi na buluu inayorudi, bati moja kubwa la kijivu. Mzee wa Meru atakuja baada ya mvua fupi, naye ana tabia ya kuuliza maswali.

Siku hizi mimi ndiye nichotaye maji. Ndiyo, mimi. Natoka kila asubuhi na mkanda kichwani kama wanawake wenzangu, na njia inapita ubavuni mwa yale mabati, saa ambayo Mwalimu huwa upande wa pili akikagua shamba. Nikifika hapo nayagonga kwa mtungi mtupu mara tatu.

"Mwalimu! Hamjambo huko?"

Ni mzee wa kanisa, hawezi kukosa kuitikia salamu. Huitikia, "Hatujambo."

"Mama anauliza kama yameanza kushika kutu."

Hapo nasikia hatua zake zikielekea mwisho wa shamba. Nami sina haraka, mtungi wa pili naufuata jioni.